Ile Pikipiki Nilichagua Mimi

Mama alinishika shati mbele ya kanisa zima. Nilikuwa nimenyoosha mkono, imebaki kama shubiri moja nifike kwenye tangi la ile pikipiki. Mchungaji alikuwa ameshatoa chupa ya mafuta ya kupaka. Ndugu yangu alisimama upande wa pili na mke wake na watoto wao, wote wamevaa kitambaa cha rangi moja. Basi mama akanivuta kwa nyuma, vile unavyovuta mbuzi anayeingia shamba la ndengu, akasema kwa Kikamba na hakupunguza sauti, "Wewe usiishike. Unajua vile wewe na pikipiki mko."

Watu walicheka. Kilikuwa kile kicheko cha watu wa kanisa, cha pua, cha kuangalia viatu. Nikarudisha mkono nikauweka mfukoni, nikasimama hapo kwa jua la Migwani na mguu wangu wenye chuma ndani, pikipiki ya mtu mwingine ikaombewa nikiwa nimefumbua macho.

Na kabla hatujatoka nje kulikuwa na ushuhuda. Ndugu yangu alipewa maikrofoni. Anaijua maikrofoni kuliko mimi ninavyojua kijiko.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Bwana asifiwe tena. Ndugu zangu, mimi pikipiki sikuwa nazijua. Nikaingia kwa maombi, nikamwambia Bwana, nionyeshe. Na Bwana akanionyesha pikipiki yenye taa ya mviringo, sura ya zamani lakini ndani ni mpya. Akaniambia, angalia kiti kiwe cha chini. Akaniambia, sikiliza mlio, uwe wa pole kama moyo wa mtu aliyelala."

Akina mama wakapiga makofi. Mama yangu alifuta macho na kona ya leso.

Hayo maneno ya moyo wa mtu aliyelala ni yangu. Niliyasema nikiwa nimekalia debe nje ya posho mill, Kwa Vonza, nyusi zimejaa unga, simu ya ndugu yangu ikiwa sikioni. Kiti cha chini ni changu. Taa ya mviringo ni yangu. Ile pikipiki yote, kuanzia tairi mpaka kioo, nilichagua mimi. Nilikaa kwa benchi ya nyuma nikasikia ikipewa Mungu.

Mimi niliacha shule darasa la tano, na mwandiko wangu umebaki hapo hapo. Majina sitaandika, lakini wenye makosa nitawataja, na kila mmoja atajijua. Wa kwanza ni ndugu yangu mdogo, mwenye kazi ya ofisi huko Kiboko. Wa pili ni mchungaji. Wa tatu ni mama, na huyu ninamtaja kwa heshima. Wa nne ni mimi mwenyewe, kwa sababu uongo wa kwanza niliusema mimi.

Huo uongo una miaka kumi na nane. Wakati huo nilikuwa mtu wa boda, steji ya Kwa Vonza. Nilikuwa na pikipiki nyekundu, ya kawaida, ya kubeba watu na mitungi ya maji, na nilikuwa naiendesha vizuri. Hilo nalisema bila aibu. Akina mama wajawazito walikuwa wanapita wanaume wengine kumi pale steji wananiuliza mimi niko wapi. Ndugu yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja barua ya chuo. Mama alikuwa amemkataza kugusa usukani wa pikipiki. Alisema hivyo tukila, mbele yetu sote wawili, "Huyu hataendesha hiyo kitu mpaka amalize chuo. Huyu ndiye macho yangu."

Siku moja mchana tulikuwa tunatoka Kwa Vonza tukielekea Kitui mjini na gunia la ndengu. Akaanza. "Kaka, nipe kidogo." Nikakataa. "Kaka, mpaka pale kwa mto tu." Nikakataa. "Kaka, mimi si mtoto." Nikasimama, nikashuka, nikapanda nyuma ya gunia. Aliendesha vizuri mpaka karibu na mto, pale mchanga unapovuka barabara. Wasichana aliosoma nao walikuwa wanapanda na mitungi. Akainua mkono kuwapungia. Mkono mmoja tu, lakini mchanga haupendi mkono mmoja. Gurudumu la mbele likageuka, yeye akarushwa kwenye kichaka, na mimi nikabaki chini, pikipiki juu ya mguu wangu wa kushoto, gunia juu ya pikipiki. Ekzosi ilikuwa inanichoma na nilikuwa nasikia harufu yangu mwenyewe.

Yeye alipata mkwaruzo kwenye kiwiko. Hospitalini, kabla mama hajafika, alipiga magoti karibu na kitanda, analia kamasi zinashuka. "Kaka, usimwambie mama ni mimi. Ataniua. Hata chuo hatanipeleka." Nilikuwa nimedungwa sindano, dunia inazunguka, nikamwangalia huyo mtoto nikasema sawa. Mama alipoingia nikamwambia nilikuwa naendesha mimi, nikasinzia, nikaingia mchangani.

Mama hakuniuliza mguu. Alisema, "Ulitaka kuniulia mtoto."

Mwezi uliofuata ndugu yangu alitoa ushuhuda. Alisema mkono wa Bwana ulimchukua kutoka kwa pikipiki ukamweka kichakani kama mtu anayeweka yai. Kuhusu mimi alisema, "Na kaka yangu aliumia kidogo." Hiyo kidogo ni chuma chenye misumari sita na kifundo ambacho hakikunjiki mpaka leo. Vidole vya mguu wa kushoto naweza kuvisukuma chini. Kuvinyanyua juu siwezi. Sasa mtu wa pikipiki ajue maana yake: gia zinabadilishwa kwa mguu wa kushoto, unakanyaga kwa vidole halafu unanyanyua kwa vidole.

Boda niliacha. Hata kama mguu ungekubali, nani angepanda na mtu aliyemwangusha ndugu yake wa tumbo moja? Watu wa steji waliniita Gunia kwa muda, halafu wakasahau. Nikapata kazi kwa posho mill, na niko hapo mpaka sasa. Hiyo kazi inataka masikio. Mashine ikianza kubadilisha sauti, mimi nasikia kabla mshipi haujakatika. Ndugu yangu alisoma, akapata kazi, akaoa upande wa Makueni, akajenga huko Kiboko. Sikumwonea wivu nyumba. Sikumwonea wivu mke wala kazi. Naandika hivi ili mtu asiseme mimi ni wa kuonea wivu kila kitu. Wivu wangu ulingoja pikipiki.

Mwaka jana, baada ya kuvuna, akanipigia. "Kaka, nimechoka na gari za watu. Nataka pikipiki. Lakini sitaki ya boda. Nataka ile ya raha, ya kuendesha kila siku na bado moyo unafurahi. Wenzangu wa ofisi wako nazo. Wewe ndiye unajua hizi vitu. Nichagulie."

"Nikuchagulie vipi?"

"Nichagulie kama unajichagulia wewe."

Neno hilo nililikunja nikaweka kifuani. Nilitembea nalo wiki tatu. Nikisaga mahindi ya watu, nilikuwa nachagua. Kila siku ananitumia picha na sauti kwa simu, na mimi nazima mashine, wateja wananung'unika, nasikiliza. Nyingine nilimwambia inalia kama nzi kwenye chupa. Nyingine nikamwambia hiyo ina mbio sana, hiyo ni ya kijana mwenye deni la maisha. Halafu siku moja akanitumia sauti ya pikipiki imesimama tu, haijakimbizwa, inapiga du, du, du, na katikati ya kila mpigo unaweza kupitisha kidole. Hapo ndipo nilisema lile neno la moyo wa mtu aliyelala. Yule mama niliyekuwa namsagia aliniuliza, "Umefiwa?" Kumbe machozi yalikuwa yanatoka.

Ni kwa sababu sauti hiyo naijua tangu utoto. Kulikuwa na bwana mifugo aliyekuwa anakuja Migwani siku ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe. Pikipiki yake ilikuwa na taa ya mviringo kama sufuria na tangi kama tone la maji. Tulikuwa tunaisikia akiwa bado mlima wa pili, tunaacha ng'ombe tunakimbia barabarani. Alikuwa anapita amekaa wima, hana haraka, kama mtu amekaa sebuleni kwake. Mimi sikutaka kuwa bwana mifugo. Nilitaka kukaa vile.

Basi Jumamosi moja tukakutana Kitui mjini. Kuna fundi pale, Mwislamu, mzee wa makamo kama mimi. Babu yake alitoka Pwani na Kiswahili chake kimenyooka kuliko barabara. Watu wanamwachia pikipiki za kuuza. Siku hiyo alikuwa na tatu uani kwake.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, tairi za meno, kioo cha mbele kama ngao. Ndugu yangu akaikimbilia.

"Hii, kaka. Hii ni ya mwanaume."

"Utaenda nayo wapi?"

"Popote."

"Wewe unatoka nyumbani unaenda ofisini, unarudi na sukuma wiki. Kila siku upande kitu kama unaparamia ukuta? Na ukisimama kwenye mchanga, mguu haufiki chini, unaanguka kama gunia."

Hilo neno gunia lilinitoka tu. Hakuniangalia.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa macho, lakini usukani uko chini, unalala juu ya tangi kama mtu anayetafuta sindano. Fundi akacheka. "Ndugu yangu, hii aiendeshe mtoto wa miaka ishirini asiye na mgongo. Wewe una mgongo."

Ya tatu ilikuwa imefunikwa gunia. Fundi alipolitoa, mimi nilisogea. Kijani ya majani ya mwembe, na mstari mwembamba wa rangi ya dhahabu kwenye tangi. Taa ya mviringo. Kiti kipana, cha chini. Ekzosi ndefu inayong'aa, unaweza kunyolea ndevu hapo.

"Hii isikudanganye sura," fundi akasema. "Sura ni ya babu, tumbo ni la mjukuu. Hapigwi teke huyu, ni stata ya kidole. Breki ni za diski mbele na nyuma, na zina kile kifaa cha kuzuia gurudumu lisiteleze. Tena ni nzito. Upepo wa lori hauichezei."

Hilo la lori nililipenda, maana Kiboko iko kwenye barabara ya Mombasa, na hapo malori yakikupita yanakufuta kama vumbi la meza. Lakini si hilo lililonishika. Niliinama upande wa kushoto nikaona pedali ya gia ina pande mbili. Mbele pa kukanyaga na vidole, nyuma pa kukanyaga na kisigino. Hakuna kunyanyua. Unakanyaga tu, mbele au nyuma. Hata zile za boda siku hizi ziko hivyo nyingi, lakini za raha, zile ndugu yangu alikuwa ananitumia, hazikuwa hivyo hata moja.

Fundi aliniona nikiangalia. Akaangalia mguu wangu, akaangalia pedali, akasema, "Panda."

"Mimi si mwenye kununua."

"Nimekwambia nunua? Nimekwambia panda."

Nikapanda. Miguu yote miwili ikalala chini, nyayo nzima, akala zangu za tairi zikashika changarawe. Nikabonyeza stata. Miaka kumi na nane. Nikakanyaga gia ya kwanza, nikaachia klachi polepole, nikazunguka ule ua, nikapita karibu na tangi la maji, nikagonga kisigino ikaingia ya pili, nikazunguka tena. Sikuzidi mwendo wa punda. Niliporudi, ndugu yangu alikuwa amesimama mlangoni, amekunja mikono, na fundi akamwambia, "Huyu kaka yako ni dereva. Umemficha wapi?"

Ndugu yangu alimgeuzia mgongo. Alinijibu mimi. "Usimwambie mama umepanda."

Maneno yale yale, miaka kumi na nane baadaye, na bado sikuelewa mimi ni mtu wa namna gani kwake. Nilielewa alichosema baadaye, tukila chapati na maharagwe: "Kaka, hii itakuwa yetu. Katikati ya wiki iko Kiboko, nikija nyumbani iko kwa mama. Ukitaka unachukua." Hayo ndiyo niliyoenda nayo Kwa Vonza. Nilimwambia mke wangu. Nilitafuta helmeti yangu ya zamani, nikaiosha, nikatoa kiota cha mjusi ndani.

Mke wangu akasema, "Mtu hakupi kitu kwa mdomo akila chapati yako."

"Chapati alilipa yeye."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema, akaendelea kuchambua ndengu.

Wiki zilipita simu ikiwa kimya. Desemba watu walipoanza kurudi nyumbani, nami nikaenda Migwani kwa mama. Nikiwa nakata nyasi za mbuzi niliisikia kabla sijaiona. Du, du, du. Watoto wa jirani walikimbia barabarani kama tulivyokuwa tunakimbia sisi. Alikuja amevaa koti la ngozi jeusi katika joto lile, amekaa wima. Mama alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Sasa sikiliza. Ndugu yangu ni mrefu. Alimpita baba. Kwenye kile kiti cha chini, magoti yalikuwa yamepanda kila upande wa tangi kama panzi. Mtu yeyote mwenye macho angejua hiyo pikipiki haikuchaguliwa kwa ajili ya miguu ile. Lakini kijiji chote kilikuwa kinaangalia rangi.

Nilimsalimia. Nikangoja aseme neno. Akaweka ufunguo mfukoni, akavuta zipu.

Jumapili ndiyo ile niliyoanza nayo, ushuhuda na shati. Baada ya kanisa tulikula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na nyama kwa mama, watu wengi uani, na nikampata karibu na tangi la maji ananawa mikono.

"Mungu alikuonyesha lini?" nikamwuliza.

"Kaka, usianze."

"Nauliza tu. Alikuonyesha kabla hujanipigia simu au baada?"

"Mungu anatumia watu. Alikutumia wewe."

"Basi ungesema amenitumia. Mimi nina jina."

Akatikisa maji mikononi. "Kaka, ningesema wewe ndiye umechagua, mama angekubali niilete hapa? Unajua anavyokuona kwa mambo ya pikipiki. Nilikuwa nalinda amani."

"Anavyoniona ni kwa sababu yako."

Hapo alinisogelea akashusha sauti, na akasema kile ambacho ninaandika daftari hili kwa ajili yake. "Si ulisema mwenyewe ni wewe? Mimi nilikushikia mdomo?"

Halafu mama akamwita akakate keki, naye akaenda.

Nitasema ukweli kuhusu wivu, kwa sababu nimesoma mahali watu wanauandika kama homa inayokuja yenyewe. Mimi wangu niliulisha. Kesho yake asubuhi wote walienda sokoni na gari la jirani, na pikipiki ilibaki chini ya paa la ghala, imefunikwa shuka la mama, lile jeupe la wageni. Mimi silali kwenye shuka hilo nikienda kwa mama. Nililitoa. Nikakaa juu ya pikipiki, ufunguo haupo, nikashika usukani, nikakanyaga gia mbele, nikakanyaga nyuma kwa kisigino, tak, tak. Sijui nilikaa muda gani. Niliposhuka sikurudisha shuka. Kuku wa mama wanapenda kitu kilichoinuka. Niliwaangalia wakipanda mmoja mmoja, jogoo kwenye usukani, mitetea kwenye kiti, na nikaenda kukata kuni. Waliporudi tangi lilikuwa na michirizi myeupe mpaka kwenye mstari wa dhahabu. Ndugu yangu aliosha kwa sabuni ya kuoga. Mama alilaumu upepo. Hilo nimekiri, na kwa hilo mimi naomba msamaha, kwa pikipiki.

Nilienda kwa mchungaji pia. Nilimkuta kwake anapanga viti vya plastiki. Nikamwambia nataka nafasi ya ushuhuda, nina maneno ya kusahihisha.

"Kusahihisha nini, mzee?"

"Ushuhuda wa ndugu yangu. Wa pikipiki, na ule wa zamani wa ajali."

Akaweka kiti chini. "Ushuhuda haupingwi. Nikikuruhusu wewe leo, Jumapili ijayo kila mtu atasimama kumpinga mwenzake. Tutamaliza ibada saa ngapi?"

"Na kama ni uongo?"

"Mtu akisema Mungu amemwonyesha, mimi nitasema hakumwonyesha? Nilikuwepo?"

"Mimi nilikuwepo," nikasema.

Akaniambia nina uchungu wa rohoni na tuombe. Tukaomba. Aliomba Mungu aniondolee roho ya wivu. Hakuomba Mungu amwondolee mtu mwingine roho yoyote.

Bado ningenyamaza. Mke wangu aliniambia ninyamaze, na mimi nimenyamaza kwa miaka kumi na nane, nimezoea. Lakini Pasaka alirudi. Tena niliisikia kwanza, na kabla haijafika nilijua kuna kitu. Sauti ilikuwa ileile, lakini alibadilisha gia kwa njia nyingine, anachelewa kidogo katikati. Alipoiegesha nikaenda upande wa kushoto nikainama.

Kile kipande cha nyuma, cha kisigino, kilikuwa kimekatwa. Kimekatwa na msumeno, kikapigwa rangi nyeusi mahali pa kidonda. Na kiti kilikuwa kimeinuliwa. Vidole vinne vya sponji, ngozi mpya, uzi mwekundu.

"Nilikuwa nagonga muundi kila siku," akaniambia, akinionyesha mguu kama mgonjwa. "Na magoti yalikuwa yananiuma. Fundi mmoja wa mji wa Wote amenitengenezea. Sasa iko sawa."

"Kile kipande kiko wapi?"

"Kipi?"

"Cha kisigino."

"Sijui. Kilibaki kwa fundi. Ni chuma tu, kaka."

Mama alikuwa ametoka na chai. Aliona nimeinama karibu na pikipiki, akasema vile anavyosema siku zote, "Toka hapo, utaiangusha." Nikatoka. Nilikunywa hiyo chai. Nilikaa nikaangalia mguu wangu na ile pedali iliyobaki, ya vidole peke yake, ya kunyanyua, na nikajua sasa hata akinipa ufunguo leo, hata mama akibariki, siwezi kuiendesha hata mpaka kwenye lango.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, ndugu yangu, na najua mke wako atakusomea hili maana wewe huna subira na mwandiko wangu. Ulisimama ukasema Mungu alikwambia kiti kiwe cha chini. Mbona umekiinua? Mungu alikosea urefu wa miguu yako? Au aliyesema kiti kiwe cha chini ni mtu ambaye mguu wake ulikuwa unakihitaji, na wewe ulijua hivyo tangu siku ile uani kwa fundi, ukiwa umekunja mikono mlangoni?

Na wewe mchungaji, ulisema ushuhuda haupingwi. Sawa, sitapinga. Mwenyewe ataurekebisha. Mpe maikrofoni, anaijua.

Pikipiki kaa nayo. Kile kipande cha kisigino kitafute Wote, uje nacho. Kuchomelea tutachomelea hapa. Lakini hicho ni cha baadaye. Cha kwanza ni Jumapili utakayokuja nyumbani. Mama atakuwa amekaa benchi ya mbele, upande wa dirisha, mahali pake. Sikio lake la kulia limechoka, kwa hiyo simama kushoto kwake, na usiseme Kiswahili cha ofisi, sema Kikamba. Usitaje Bwana, usitaje mkono wa mtu yeyote wa mbinguni. Mwambie siku ile kwenye mchanga, nani alikuwa ameshika usukani.